Nimeshika sapu ya sheria mara mbili, na wala sisomei uanasheria

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya ununuzi na ugavi, mwaka wa pili, hapa Mwanza. Masomo mengine nayamudu. Hesabu za stoo nazipata, takwimu nazipata, hata uhasibu ulionitisha mwanzoni sasa nauona wa kawaida. Kinachonitesa ni sheria ya biashara. Nimeshika sapu, yaani mtihani wa marudio, mara mbili. Nikisoma madesa, yaani nakala za notisi za somo, naelewa neno moja moja, lakini sentensi ikiisha sijui imesema nini. Mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, akiona tumemkodolea macho anarudia kwa Kiswahili, hapo tunaelewa, tunatoka tumefurahi. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, na kile nilichokielewa kwa Kiswahili sikioni kwenye karatasi. Shule ya msingi nilisoma ya serikali, Kiingereza cha kufundishiwa nimekutana nacho kidato cha kwanza. Ajabu ni kwamba hata wenzangu waliosoma mchepuo wa Kiingereza wanashika sapu hii hii. Je, tatizo ni Kiingereza changu au ni kichwa changu? Mara hii nikifeli nadisko, yaani naondolewa chuoni, na baba ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada.

Mwanafunzi, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara tatu, na ya tatu nikaenda kabatini kutafuta karatasi yangu ya mtihani ya zamani. Bado ninayo. Juu kulia kuna 31 kwa wino mwekundu, nayo ni 31 ya mia.

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka saba. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo kisheria ni Kiswahili, kwa hiyo sheria niliijua kwa Kiswahili na niliijua vizuri. Watu walikuja dirishani na magomvi yao, nami nikayaandika yakaeleweka: nani anamdai nani, kiasi gani, kwa sababu gani. Kisha nikajiunga na masomo ya jioni ya uhasibu. Swali la kwanza la mtihani wa sheria lilitaka nieleze maana ya "consideration" na nitoe mifano. Kamusi yangu ilisema neno hilo ni kufikiria, kujali. Nikajaza kurasa mbili. Nilieleza kwamba mfanyabiashara mwema humfikiria mteja wake, humpunguzia bei, humvumilia akichelewa kulipa. Kila sentensi ilikuwa na sarufi sahihi, na jibu lote halikuwa na alama hata moja.

Hakimu wetu, mzee wa watu, aliniona nimeinama mezani akaniuliza kuna nini. Nikampa ile karatasi. Akasoma, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Yule mama wa vitenge wa wiki jana, ulimwandikia nini kwenye madai yake?" Nikamwambia niliandika kwamba alimpa mdaiwa vitenge kumi, na mdaiwa akaahidi kumlipa shilingi elfu themanini. Akasema: "Basi ndiyo hiyo. Vile vitenge ndivyo vilivyoinunua ile ahadi, na ile ahadi ya elfu themanini ndiyo iliyovinunua vitenge. Kila mmoja ametoa kitu ili apate cha mwenzake. Hicho kinachotolewa ndicho wanachokiita hivyo." Miaka saba nilikuwa nikiandika kitu hicho kila siku ya kazi, na siku kilipokuja kimevaa jina la Kiingereza sikukitambua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kichwa chako ni kizima, na Kiingereza chako si kibaya kama unavyodhani. Unasoma lugha ya tatu ambayo hakuna aliyekwambia kuwa ipo. Kiingereza cha sheria kimeazima maneno ya Kiingereza cha kawaida kikayapa kazi nyingine. "Party" si sherehe, ni mtu aliye upande mmoja wa mkataba. "Instrument" si gitaa, ni hati. "Minor" ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. "Action" ni shauri lililofunguliwa mahakamani. "Damage" ni hasara iliyokupata, lakini ukiongeza herufi moja tu mwishoni ikawa "damages", ni fedha unazolipwa kufidia hasara hiyo. Hapo utaona kwa nini wenzako wa mchepuo wa Kiingereza nao wanaanguka. Wewe neno usilolijua unalitafuta. Wao wanaliona, wanadhani wanalijua tangu utotoni, wanapita.

Wala Waingereza wenyewe hawakuzaliwa nayo lugha hiyo. Mwaka 1066 walitekwa na watu kutoka Normandy, na kwa karne kadhaa mahakama zao zikaendeshwa kwa Kifaransa, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 bunge lao likapitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wanahukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Hiyo ni sababu mojawapo ya mikataba yao kujaa maneno mawili mawili yenye maana moja, "null and void", "goods and chattels". Mawakili waliokuwa wakiandika katikati ya lugha mbili waliogopa kuacha neno lolote nje. Mwanafunzi wangu mmoja alipoteza dakika ishirini za mtihani akitafuta tofauti ya "null" na "void".

Sasa tuje kwenye sheria unayoisoma. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata, mahali pengi neno kwa neno, Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Maana yake unasoma sentensi za Kiingereza zilizoundwa karne ya kumi na tisa na watawala wa Kiingereza kwa ajili ya Bara Hindi. Fungua kifungu cha 2 utafute tafsiri ya lile neno lililonipa 31. Utakuta sentensi moja ndefu ambayo, ikiletwa kwa Kiswahili, inasema hivi: pale ambapo, kwa matakwa ya mtoa ahadi, aliyeahidiwa au mtu mwingine yeyote amefanya au ameacha kufanya, au anafanya au anaacha kufanya, au anaahidi kufanya au kuacha kufanya jambo fulani, basi kitendo hicho, au kuacha huko, au ahadi hiyo, ndiyo "consideration" ya ile ahadi.

Usiogope. Ichukue kama unavyochukua shehena stoo: hubebi lori zima, unashusha boksi moja moja. Chora mistari mitatu kwenye daftari: amefanya, anafanya, anaahidi kufanya. Kando ya kila mmoja andika kinyume chake: ameacha, anaacha, anaahidi kuacha. Ile sentensi ndefu ni visanduku sita tu. Kila kisanduku kiwekee mfano wako mwenyewe. Amefanya: nilimwoshea bosi gari kwa kuwa aliniomba. Anaahidi kuacha: jirani anaahidi kutopiga muziki usiku ili nimlipe laki tano. Kifungu cha 10, kinachosema ni makubaliano gani huwa mkataba, kifanyie vivyo hivyo. Utakuta kina mambo matano: ridhaa huru, watu wenye sifa ya kuingia mkataba, hicho kitu cha kubadilishana kiwe halali, lengo liwe halali, na makubaliano yasiwe yametamkwa na sheria hiyo kuwa ni batili.

Lakini kuna jambo ambalo walimu wengi hawalisemi, nami nilichelewa sana kuliona. Mara nyingine kinachokuangusha ni Kiswahili chenyewe.

Tuna methali, ahadi ni deni. Umelelewa nayo. Mtihani unakuja: mjomba alimwahidi Neema kumlipia ada, Neema akafurahi, mjomba akabadili nia, je Neema anaweza kumdai mahakamani? Moyo wako unajibu ndiyo kabla hujamaliza kusoma. Sheria inajibu hapana, kwa sababu Neema hakutoa chochote kuinunua ahadi ile, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa kifungu cha 25, kama ahadi iliyoandikwa na kusajiliwa kati ya ndugu wa karibu. Nimesahihisha mamia ya majibu ya swali la namna hii. Wengi walioandika ndiyo walikuwa watoto waliolelewa vizuri, na kila mwaka nilipowakosesha niliumia.

Au chukua bei. Unaingia soko la Mlango Mmoja, muuzaji anasema koti elfu ishirini, wewe unasema kumi na tano, anakataa, unazunguka kidogo, unarudi unasema haya, leta kwa ishirini. Anakufungia, na akikataa watu watamshangaa. Sokoni bei ya kwanza inaendelea kuishi. Katika sheria ulipotaja kumi na tano uliiua ile ishirini, na ukirudi, wewe ndiye unayependekeza upya. Muuzaji ana hiari ya kukataa. Kifungu cha 7 kinataka ukubali uwe kamili, usio na sharti. Kesi ya Kiingereza utakayofundishwa hapo ni Hyde na Wrench, ya 1840: shamba kwa pauni 1,000, mnunuzi akataja 950, akakataliwa, akarudi akisema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba. Ukiisoma kama hadithi ya shamba la Uingereza utaisahau kesho. Isome kama koti la Mlango Mmoja ambalo muuzaji wake amekuwa mgumu.

Kisha kuna neno kushtaki. Mtaani tunamshtaki kila mtu: aliyeiba kuku tunamshtaki, aliyekataa kulipa deni tunamshtaki. Dirishani kwangu ilikuwa kazi ya kila siku kuwauliza watu kama wanataka mtu afungwe au wanataka fedha zao. Mwanafunzi akibeba mazoea hayo hadi kwenye mtihani, anaandika kwa Kiingereza kwamba muuzaji aliyechelewesha mzigo "is guilty". Hapana. Hatia ni ya jinai. Aliyevunja mkataba anawajibika, na neno lake ni "liable". Anaitwa mdaiwa, haitwi mshtakiwa, na kinachomsubiri ni kulipa fidia chini ya kifungu cha 73. Neno moja hilo linamwambia msahihishaji kama umelielewa somo au hukulielewa. Dhamana nayo ina mtego wake. Kwetu ni ya mtuhumiwa polisi, ni ya mkopo benki, ni ya bidhaa uliyonunua, na hata waziri ana dhamana. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. Haki, vivyo hivyo.

Na "yeye". Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika kitenzi, ndiyo maana tukiandika Kiingereza haraka haraka tunachanganya "he" na "she". Katika insha ya kawaida hilo ni kosa dogo. Katika swali la sheria lenye Asha aliyeuza na Baraka aliyenunua, ukichanganya hayo mawili msahihishaji hajui tena nani anamdai nani, na alama zinakwenda. Dawa yake ni rahisi: usitumie viwakilishi kabisa. Andika Asha, Asha, Asha, Baraka, Baraka. Hakuna atakayekunyima alama kwa kurudia jina.

Pia angalia "shall" na "may". Shuleni tulifundishwa kwamba "shall" ni wakati ujao, kwa hiyo "seller shall deliver" tunaisoma muuzaji atapeleka, kama habari ya kesho. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinasema "shall" ni wajibu na "may" ni hiari. Muuzaji lazima apeleke. Kila ukiliona neno hilo liwekee duara.

Umesema mtihani ukija huoni ulichokielewa. Ni kwa sababu ulikielewa kwa Kiswahili darasani kisha ukaenda kukariri madesa ya Kiingereza chumbani, na vitu hivi viwili hukuvikutanisha hata siku moja. Vikutanishe. Jioni, kabla ya kufungua desa, mweleze mwenzako kesi moja kwa Kiswahili kama unavyosimulia mpira. Chukua ile ya Carlill. Kampuni ilitangaza gazetini mwaka 1891 kwamba atakayetumia kifaa chao cha kuvuta moshi wa dawa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akaugua mafua makali, watamlipa pauni 100, na kuonyesha wana nia ya kweli wameweka pauni 1,000 benki. Mama akanunua, akatumia kama walivyoelekeza, akaugua, wakakataa kulipa, akashinda. Mwenzako akuulize kwa nini alishinda. Mbishane. Mkishakubaliana ndipo mchukue kalamu na kuandika sababu hiyo kwa Kiingereza kwa sentensi tano zisizozidi maneno kumi kila moja. Msinakili za kwenye desa, andikeni zenu, hata kama zinachechemea. Mfanye hivyo mara tatu kwa wiki mpaka mtihani.

Kwenye mtihani wenyewe, swali la kisa lijibu kwa mpangilio mmoja siku zote: ubishi ni upi, sheria inasemaje na ni kifungu gani au kesi gani, Asha na Baraka walifanya nini kinachogusa sheria hiyo, basi nani anashinda na anapata nini. "Baraka alitaja bei nyingine. Pendekezo la Asha likafa hapo. Baadaye Baraka alikubali pendekezo lililokwisha kufa. Hakuna mkataba." Sentensi hizo hata mtoto wa kidato cha pili anaziandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wanaotaka kuandika kama jaji, kwa sentensi za mistari sita, ndio ninaowaona kwenye sapu.

Na wahadhiri wenzangu wanisikie. Kueleza kwa Kiswahili kisha kutunga mtihani kwa Kiingereza bila kumwonyesha mwanafunzi njia ya kutoka huku kwenda kule si msaada kamili. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mingi, nikidhani nawahurumia. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi ziwe za wanafunzi kuandika kwa Kiingereza kile walichokielewa muda huo huo, mwalimu akizunguka. Mtoto wa mfugaji anayesomea ugavi hataki kuwa wakili. Anataka asisaini mkataba wa kununulia dawa za zahanati asioujua ndani yake. Tukimfelisha kwa sababu ya neno moja, siku moja atausaini.

Madaftari yangu ya mifano ninayo. Niandikie tarehe ya sapu yako kupitia gazeti hili, nitakutumia kurasa za mikataba na za uuzaji wa bidhaa.

SWALI

Mwalimu, mimi nipo Mombasa, nasomea usimamizi wa biashara. Nimepewa madesa na binamu yangu wa Tanga yenye vifungu vya mikataba vimepangwa vizuri. Naweza kuyatumia?

JIBU

Kwa kuelewa, ndiyo. Kwa kunukuu, hapana. Kwenu Sheria ya Mikataba ni Sura ya 23, nayo ni fupi sana. Imeichukua sheria ya mikataba ya Uingereza itokanayo na maamuzi ya mahakama. Kwa hiyo pale binamu yako anapoandika kifungu cha 7, wewe unaandika Hyde na Wrench. Ukimwandikia msahihishaji wa Kenya kifungu cha Tanzania atadhani umekitunga.

SWALI

Mwalimu, nimesikia tangu 2021 lugha ya sheria Tanzania ni Kiswahili. Muhula huu nataka nijibu mtihani wangu wa sheria kwa Kiswahili, nione watanifanya nini.

Mwanafunzi wa uhasibu, Dodoma

JIBU

Subiri kwanza mwanangu. Ni kweli, Sheria Namba 1 ya 2021 ilirekebisha kifungu cha 84 cha Sura ya 1, na sasa lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Nilipousikia muswada ule umepita nililia, kwa sababu nilimkumbuka kila aliyewahi kunikabidhi dirishani hukumu ya mahakama ya juu aliyoshinda, akiniomba nimwambie kama ameshinda au ameshindwa. Lakini marekebisho hayo yanazihusu sheria na mahakama. Mtihani wako unatawaliwa na kanuni za chuo chako, na kama zinasema Kiingereza, msahihishaji hana ruhusa ya kukupa alama hata ukiandika vizuri kuliko jaji.

Unachoweza kufanya sasa ni kutafuta sheria ambazo tayari zina tafsiri rasmi ya Kiswahili, uziweke kando ya zile za Kiingereza, usome kifungu kwa kifungu. Na kama mko wengi mnaotaka mitihani ibadilike, andikeni barua kwa ofisi ya taaluma, mtie saini, mwombe jibu la maandishi. Ifikisheni mapema, muhula ukiwa bado mbichi. Siku ya mtihani, andika kwa Kiingereza, sentensi fupi, na majina ya watu badala ya viwakilishi.